Ngozi ya Henza na Ngozi ya Mwamba

Ami yangu akikushika mkono kukusalimia, unahisi kama umeshika boriti ambayo bado haijabanduliwa gome. Kwa miaka arubaini amevuta henza, ile kamba inayopandisha foramali na tanga lake mlingotini, na henza imemwachia sugu nne za rangi ya manjano chini ya vidole vya kila mkono, zimejipanga kama kete za bao. Mimi nami likizo zangu zote za shule nilizimalizia mashuani, nikikaza na kulegeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga. Kwa hiyo nilipoalikwa mara ya kwanza kwenda kukwea miamba Lukenya, kilima kilicho karibu na Nairobi, ngozi haikunipitia akilini hata kidogo. Niliwaza miguu, niliwaza urefu, niliwaza kuanguka. Mikono? Mikono yangu ni ya Lamu.

Asubuhi ya siku ya pili kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi kilikuwa kinaning'inia chini ya kidole changu cha kati, kimeshikiliwa upande mmoja tu kama dirisha lililobaki na bawaba moja. Kilichoniuma zaidi ya kidonda ni kwamba kilichong'oka kilikuwa sugu yenyewe, ile niliyokuwa nikijivunia. Na pale chini ya mwamba alikuwepo karani wa benki wa Nairobi, kijana ambaye hajawahi kugusa kamba ya tanga maishani mwake, anakwea tu, anashuka, anakunywa chai, anakwea tena.

Nilirudi nyumbani na swali: mbona mikono yangu yenye sugu imebanduka, na ya karani haikudhurika? Nilipomwonyesha ami kidonda, alicheka tu. "Ndoo hapa, mwanangu, nikuonyeshe mikono ya kazi." Hakuwa na jibu, na sikumlaumu, kwa sababu jibu lenyewe lina mafundo kadhaa, na fundo moja ukilifungua vibaya linalikaza lingine.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya kiganja na ya wayo haifanani na ngozi nyingine ya mwili. Haina nywele. Haina tezi za mafuta, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na uso unaong'aa kwa mafuta huku viganja vyake vimekauka. Ilichonacho kwa wingi ni tezi za jasho, mamia katika kila sentimita moja ya mraba, na tezi hizo zina tabia ya ajabu: jasho la mgongoni hutoka kwa joto, la kiganjani hutoka zaidi kwa hofu na wasiwasi. Umesimama mita kumi juu ya ardhi, kishikio kinachofuata hukioni, na hapo hapo ndipo vidole vinapolowa. Mwili haukufanyii ubaya. Jasho kidogo la kiganjani huongeza mshiko, na huenda liliwafaa sana mababu waliokimbilia mitini. Tatizo ni kwamba mwili haujui kiasi.

Kwa unene pia kuna tofauti kubwa. Tabaka la nje la ngozi ya kope lina unene wa kama milimita 0.05; la kiganja na wayo linaweza kufika milimita 1.5. Chini kabisa ya tabaka hilo kuna seli hai zinazozaliana. Zikizaliwa husukumwa juu, na zikipanda hujazwa keratini, protini ile ile inayounda kucha, kwato na pembe. Zikifika juu zimekwisha kufa, zimebanwa bapa, zimepangana kama makuti ya paa. Hapo ndipo unaposhikia mwamba: kwa kitu kilichokufa, kinachosubiri kubanduka.

Mtu wa Lamu hahitaji darubini kuliona jambo hili. Mwangalie bibi arusi aliyetiwa hina. Kwenye kiganja na ncha za vidole rangi hukolea mpaka ikakaribia weusi. Nyuma ya mkono, hina ile ile, iliyokandwa bakuli moja na kutiwa saa moja, huwa nyekundu hafifu. Sababu ni kwamba rangi ya hina hushikamana na keratini, na mahali palipo na keratini nyingi hupata pa kujishika. Kisha wiki zinapita na rangi inapauka. Wengi hudhani maji na sabuni ndivyo vimeiosha. La, hina haioshwi hivyo. Kinachoondoka ni ngozi yenyewe, punje kwa punje, na rangi yake mgongoni. Seli kuzaliwa, kupanda na kubanduka huchukua wiki nne, sita, na kwenye kiganja hata zaidi. Mtu anayeanza kuishughulikia mikono yake siku tatu kabla ya safari ya Lukenya anataka ngozi ambayo bado haijazaliwa.

Sasa sugu. Weka mkeka juu ya sakafu, kaa juu yake, halafu mtu auvute mkeka. Wewe unabaki, mkeka unakwenda. Kwenye mkono unaoning'inia mwambani, jiwe linaishika ngozi ya juu isisogee, na uzito wa mwili unauvuta mfupa kwenda chini. Tabaka zilizo katikati zinavutwa huku na kule. Mvuto ukizidi, seli za katikati zinachanika, maji ya mwili yanaingia kwenye uwazi, na hilo ndilo lengelenge. Linatokea kiganjani kwa sababu tabaka la juu ni nene na gumu mno kuchubuka. Badala ya kusagika linaachana na lililo chini yake. Mvuto ule ule kwenye kigasha chako ungekuachia mchubuko tu.

Mvuto ukiwa chini ya kiwango hicho, na ukirudiwa siku baada ya siku, seli za chini huupokea kama habari. Zinaongeza kasi ya kuzaliana, tabaka la juu linanenepa, na baada ya muda una sugu. Ni msuguano ule ule: ukiwa mdogo haufanyi kitu, ukizidi unachana, na kati ya viwili hivyo kuna kiasi kinachojenga. Kama chumvi kwenye mchuzi.

Mpaka hapa mtu angesema, basi, kadiri sugu ilivyo kubwa ndivyo bora. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na ndipo anapokosea karibu kila mtu mwenye mikono ya kazi.

Sugu iliyoinuka ni kisahani kigumu kilichokaa juu ya ngozi laini. Kisahani hakikunjiki pamoja na mkono. Ukifumbata kishikio, ngozi laini inayokizunguka inavutika, chenyewe hakivutiki, na mvuto wote unakusanyika kwenye ukingo wake. Zaidi ya hayo, ukingo umeinuka, na jiwe lenye punje kali linapata pa kushika. Sugu niliyokuwa nikiiona kuwa ngao yangu ilikuwa mpini ambao mwamba uliutumia kunibandua.

Mbona basi ami hazimng'oki? Kwa sababu kamba ni duara. Henza hulala kwenye shina la vidole, mkono unaifumba yote, mzigo unasambaa, na baharia mzoefu haiachi kamba ikimbie kiganjani. Anashika, anavuta, anaachia, anashika tena. Ngozi yake imebanwa zaidi kuliko kuvutwa. Jiwe halina adabu hiyo. Unalishika kwa ncha za vidole, sentimita moja mahali pengine, na mwili wako unayumba na kuzunguka huku ncha zile zimesimama palepale. Na ncha za vidole vyangu, nilipozitazama vizuri, zilikuwa laini kama za mtoto wa madrasa. Henza haizifikii. Henza haikunifundisha lolote pale palipohitajika.

Karani wa benki alikuwa anajifunza mara tatu kwa wiki kwenye ukuta wa ndani huko Nairobi. Lakini siri yake niliiona usiku, kwenye moto. Alitoa mfukoni tupa ya kucha na kipande cha msasa, akaanza kujisugua viganja taratibu, akijipapasa kwa dole gumba la mkono wa pili kama mtu anayetafuta mwiba. Mahali alipohisi kijinundu, msasa. Mahali palipo laini, aliruka. Kisha akapaka mafuta kutoka kwenye kikopo kidogo. Nilimcheka, nikamwambia kwetu kazi hiyo hufanya wanawake kwenye visigino. Hakunijibu. Siku iliyofuata nilikaa chini nimefunga plasta, nikamhesabia njia alizokwea: saba.

Kwa hiyo unachotafuta ni ngozi nene kiasi, iliyo sawasawa bila vilima, na inayokunjika. Ugumu pekee hautoshi, na ukizidi unadhuru. Ngozi ngumu isiyonyumbulika ni kama udongo uliokauka juani: unaonekana imara mpaka siku unapopasuka.

Unyevu wa pwani, ukavu wa bara

Ushauri mwingi kuhusu ngozi ya wakwea miamba umeandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Unasema paka mafuta, paka mafuta, paka tena. Mtu wa Lamu au Malindi akiufuata kama ulivyo atajiharibia, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, hata shati la pamba halikauki mwilini. Tabaka la juu la ngozi hunyonya unyevu kama kuti. Likinyonya kupita kiasi hufura, hulegea, na huchanika kwa mvuto mdogo. Msuguano wa ngozi nao una mkunjo wake: ngozi iliyokauka kabisa huteleza kama kioo, yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko zote, iliyolowa huteleza tena. Pwani tunaishi upande wa kulowa.

Ndiyo maana ukiwa hapa, kazi kubwa ni kukausha. Mimi hukaa mbele ya feni dakika kumi kabla ya kuanza mazoezi, mikono nimeitanua kama mtu anayesubiri kuangikwa, na mke wangu ameacha kuuliza. Halafu chaki. Ile poda nyeupe si chokaa wala si chaki ya ubaoni, ni magnesiamu kaboneti, ile wanayotumia wanamichezo wa sarakasi. Aliyeiingiza kwenye ukweaji miamba ni John Gill, Mmarekani aliyekuwa mwanamahesabu na mwanajimnastiki pia, katika miaka ya 1950. Kazi ya chaki ni kunyonya jasho, basi. Ukijipaka mpaka mkono ukawa kama wa mkandaji mikate, poda ya ziada inalala kati yako na jiwe na kukutelezesha. Piga makofi mawili, iliyozidi ianguke.

Na kuogelea je? Wengi hudhani maji ya chumvi hukaza ngozi. Wapo walioamini hivyo hata mbali na bahari. Husimuliwa kwamba Jack Dempsey, bingwa wa ndondi wa uzito wa juu kati ya 1919 na 1926, aliloweka uso na mikono yake kwenye maji ya chumvi ili ngozi iwe kama ya kiatu. Chumvi ikikauka juu ya ngozi huvuta unyevu kidogo, hilo ni kweli. Lakini kukaa majini saa nzima ni kulowa, chumvi isiwe chumvi. Ile mikunjo ya ncha za vidole baada ya kukaa majini, kwa njia, si ngozi iliyofura tu kama inavyodhaniwa: madaktari wamejua tangu miaka ya 1930 kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata ukikiloweka. Ni mishipa ya damu inayobanwa kwa amri ya neva. Kwa mkwea miamba ni alama tu ya kusubiri. Vidole vikiwa na mikunjo, usiguse jiwe siku hiyo. Ukitaka kuogelea, ogelea baada ya kukwea.

Sasa panda basi, fika bara. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kuta za miamba za Hell's Gate, hifadhi iliyo jirani, upepo wa asubuhi ni mkavu kama karatasi. Siku ya kwanza mtu wa pwani hufurahi mno. Vidole havilowi, kila kitu kinashika. Siku ya pili ncha za vidole zinaanza kung'aa. Siku ya tatu zinateleza kama zimepakwa nta, na ghafla ncha ya kidole inapasuka, ufa mwembamba unaofuata mchoro wa ngozi, unaouma kuliko jeraha kubwa. Ngozi iliyozoea kunyweshwa na hewa imenyimwa maji, na haina mafuta yake yenyewe ya kujihami.

Kwa hiyo huku unakausha, kule unalainisha. Mtu mmoja, ngozi moja, na ushauri unaopingana kutegemea uko wapi. Nikiwa Lamu sipaki kitu mikononi usiku zaidi ya kuinawa. Nikifika bara napaka kila usiku, na kamwe si asubuhi. Mafuta ya nazi peke yake hupenya upesi na kuisha upesi. Mimi huyeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, sehemu moja kwa sehemu tatu za mafuta ya ufuta, kisha naimimina kwenye kikopo. Wafugaji nyuki wako kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na nta yao inanukia vizuri kuliko chochote cha dukani. Nta haiongezi maji mwilini. Inayazuia yaliyomo yasitoroke, hivyo ipake juu ya mikono uliyotoka kuinawa na ambayo ina unyevu kidogo bado.

Dawa za barazani

Nimeambiwa nichovye mikono kwenye mafuta ya taa. Nimeambiwa asidi ya betri iliyotiwa maji. Aliyeniambia la pili alikuwa na vidole vyote kumi, kwa hiyo nadhani hakuwahi kulijaribu. Mafuta ya taa huyeyusha mafuta machache yanayoshikamanisha seli za juu na kuiacha ngozi ikichanachana. Asidi inachoma, na ngozi iliyoungua huacha kovu, ambalo ni dhaifu kuliko ngozi. Ndimu na siki hukausha kidogo na kuwasha sana. Spiriti hukausha haraka, na ina nafasi yake pale jasho lilipozidi, lakini haijengi kitu.

Fikra moja ya hapa nyumbani ina akili zaidi: gome la mkandaa. Kwa vizazi, magome ya mikoko ya visiwa hivi yametumika kusindika ngozi za wanyama, kwa sababu yana tanini, na tanini hushikamana na protini na kuikaza. Mtu akauliza, kama inageuza ngozi ya mbuzi kuwa kiatu, kwa nini isikaze yangu? Chai ya rangi iliyokolea nayo ina tanini, na wako wanaoloweka vidole humo. Jibu ni kwamba tabaka lako la juu limekufa, kwa hiyo tanini italikaza kweli kidogo, na jasho litapungua kwa siku mbili tatu. Lakini haitafika kwa seli zilizo hai zinazoamua unene. Ngozi ya mbuzi ilisindikwa mara moja kwa sababu mbuzi hatoi nyingine. Wewe unatoa nyingine kila baada ya wiki kadhaa.

Dawa yenye nguvu ya kweli ni methenamini, iliyomo kwenye marhamu fulani ya Kijerumani ya kuzuia jasho la mikono. Inapokutana na asidi ya jasho inavunjika na kutoa fomalini kidogo kidogo. Ndiyo, fomalini ile ile ya kuhifadhia maiti. Wenye vidole vinavyochuruzika jasho wanaisifu, nami nimeitumia. Onyo langu ni moja: paka kwenye ncha tu, usiku mmoja, kisha subiri uone. Ikiingia kwenye mikunjo ya vidole, ngozi inakakamaa palepale inapotakiwa kukunjika, na utapata nyufa ambazo zitakufanya ushindwe hata kumenya embe.

Kijaa cha bibi

Kinachojenga ngozi ni jiwe. Ubao wa mazoezi niliouning'iniza darini, wa mvule uliopigwa randa, unajenga kano na misuli lakini ngozi haiupati msuguano wowote, na ndiyo sifa yake: unaweza kuufanyia kazi siku ambazo vidole vinauma. Kwa ngozi ninatumia nusu ya kijaa cha marehemu bibi, kilichopasuka zamani kwa kudondoka ngazini. Upande wake wa kusagia una vijitundu na punje ambazo maelfu ya vibaba vya mtama havikuzimaliza. Nalishika kwa ncha za vidole, naliinua toka sakafuni, nahesabu kumi, naliweka. Dakika ishirini jioni, siku moja ndiyo moja siyo, kuanzia wiki tano kabla ya safari. Wiki ya kwanza inauma. Wiki ya tatu nagonga ncha za vidole kwenye kioo cha saa na kusikia mlio mkavu, tak tak, ambao mwanzoni haukuwepo.

Namna ya kujua uache lini haihitaji saa. Ncha zikiwa na joto, sawa. Zikigeuka waridi na kung'aa kwa unyevu hata baada ya kuzifuta, umefika karibu na tabaka lililo hai, na kila dakika unayoongeza ni ya kubomoa. Ngozi hujengeka ukiwa umelala.

Msasa hufuata. Neno lenyewe zuri: kabla ya karatasi za dukani, msasa ulikuwa mti, na majani yake makavu ndiyo yaliyotumika kulainishia mbao. Sugua mkono ukiwa mkavu, kila baada ya mazoezi, mpaka sugu iwe usawa mmoja na ngozi inayoizunguka, usiendelee kupita hapo. Usitumie wembe. Niliutumia mara moja, nikafurahia jinsi sugu zinavyotoka kama maganda ya viazi, na nikawa na shimo la wiki mbili. Mwenye ugonjwa wa sukari asijichonge kabisa. Kidonda kidogo kwake si kidogo.

Mtu akiishi Malindi au Watamu atajaribiwa na miamba ya ufukweni, ile iliyoliwa chini na mawimbi mpaka ikawa kama uyoga. Ni matumbawe ya kale, ya kiasi cha miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na uso wake ni mbuzi ya nazi, si jiwe la mazoezi. Haukujengi, unakukuna. Vipande vidogo hubaki ndani ya kidonda, na vidonda hivyo hukawia kupona na hupenda kutunga usaha. Yaliyo hai chini ya maji ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyowekwa mwaka 1968, hayaguswi hata kwa kidole. Na korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari, lina kuta zinazomvutia kila mkwea miamba anayepita, lakini ni mchanga ulioshikana tu. Mvua inalimega kila mwaka na wewe ungelimega zaidi.

Ikitokea umeumia, lengelenge dogo liache na paa lake, hakuna plasta iliyo bora kuliko hiyo. Kubwa linalouma, litoboe ukingoni kwa sindano uliyoichoma motoni, maji yatoke, paa libaki. Kipande kinachoning'inia kama changu, kioshe kwa maji safi na sabuni, kilaze mahali pake siku mbili kama kifuniko, kisha kikikauka kikate kwa mkasi safi na kusugua kingo ziwe bapa, la sivyo mwamba utashika pale pale tena. Sindano ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Mkono ukivimba na wekundu ukipanda kuelekea kiwiko, hapo mambo ya msasa yamekwisha, nenda kituo cha afya.

Kuna hasara moja ambayo hakuna aliyenitahadharisha. Baada ya wiki moja ya Hell's Gate simu yangu ilikataa kunitambua kwa alama za vidole. Sikushtuka, kwa sababu michoro hiyo hupangwa tumboni mwa mama, mahali ngozi ya nje inapokutana na ya ndani, na inayosagika ni nakala ya juu tu. Baada ya wiki tatu ilirudi ilivyokuwa. Lakini ami, ambaye hapumzishi mikono yake wiki tatu tangu alipoingia ubaharia, hana bahati hiyo. Mwaka juzi nilimsindikiza kwenye ofisi moja kusajiliwa. Karani alimbonyeza vidole juu ya kile kioo chenye mwanga, mashine ikalia kukataa. Akamfuta kwa pamba, ikakataa. Akamwambia, "Mzee, nenda nyumbani, sugua ndimu, urudi Jumatatu." Tulirudi Jumatatu, tukarudi na Alhamisi. Mara ya tatu kijana mwingine, mwenye subira, alijaribu kimoja kimoja, vyote kumi, na kilichosomeka kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.